Dawa Ifungayo Mlango

Mwaka mmoja, tulipokuwa tukizunguka kutazama wagonjwa katika kijiji kando ya Ziwa Tanganyika, tulimkuta mama mmoja ameketi barazani, anahesabu vidonge. Alitenga kumi, akavifunga katika pembe ya kitenge chake. Tulipomwuliza ni vya nani, alitujibu: «Ni vya mdogo wangu. Naye ameota uvimbe katika titi. Vidonge hivi vimenirudishia jembe mkononi. Nitamnyimaje ndugu yangu?»

Mama huyu alikuwa mgonjwa wa kanseri ya titi, ugonjwa ambao wengine huuita saratani. Kwake ugonjwa ulikuwa umekwisha kutoka katika titi na kuingia katika mifupa ya mgongo. Madaktari walimpa vidonge viitwavyo tamoksifeni, kimoja kila siku, na sasa kwa mwaka wa pili alikuwa anatembea, analima, anacheka. Alitaka kugawa kile alichokuwa nacho. Nani angemlaumu? Lakini jambo alilotaka kufanya lilikuwa la hatari, kwake yeye na kwa mdogo wake pia.

Kumwambia mtu mzima «Daktari amekataza» hakutoshi. Mtu mzima hutaka kujua sababu. Na sababu yenyewe hatuwezi kuiona vizuri bila kusikia namna dawa hii ilivyotafutwa, ilivyopatikana, na makosa yaliyofanyika njiani. Ni habari ya zaidi ya miaka mia moja, nayo inaanza katika malisho ya kondoo.

Daktari kati ya wafugaji

Katika miaka ya 1870, kijana mmoja wa Uskoti, jina lake George Thomas Beatson, alikuwa amemaliza masomo ya udaktari, akakaa shambani karibu na zizi kubwa la kondoo. Huko akaona jinsi wanakondoo wanavyoachishwa kunyonya, akaanza kujiuliza: Ni nini kinachoyaamuru maziwa yaanze, na ni nini kinachoyaamuru yakome? Alipopeleleza zaidi, akapata habari ya kuwa katika nchi fulani wafugaji huzitoa ovari za ng'ombe aliyekwisha kuzaa, kusudi aendelee kutoa maziwa kwa muda mrefu. Ovari ndivyo vile vifuko viwili vidogo vya mayai vilivyo tumboni mwa kila jike, na tumboni mwa kila mwanamke.

Jambo hilo lilimshangaza sana. Ovari ziko huku, kiwele kiko kule, wala hakuna kamba inayoviunganisha. Hata hivyo kimoja kinakitawala kingine.

Miaka ikapita, Beatson akawa daktari wa kupasua katika mji wa Glasgow. Mwaka 1895 aliletewa mwanamke wa miaka 33. Titi lake lilikuwa limekwisha kukatwa, lakini kanseri ilikuwa imerudi kifuani, wala hapakuwa tena na namna ya kuikata ikaisha. Beatson akayakumbuka mambo ya wafugaji. Hakukigusa kifua, alizitoa ovari. Baada ya miezi kadhaa uvimbe ukapungua, ukaendelea kupungua hata usionekane tena. Mwanamke yule akaishi karibu miaka minne, naye alikuwa amehesabiwa kuwa mtu wa kufa. Habari zake Beatson aliziandika mwaka 1896 katika Lancet, gazeti la madaktari wa Uingereza.

Wazee husema: Dawa ya moto ni moto. Beatson alionyesha njia nyingine: moto hufa pia kwa kukosa kuni. Hakuichoma kanseri, bali aliondoa kitu kilichokuwa kikiilisha.

Lakini furaha haikudumu bila mashaka. Mwaka 1900 daktari Stanley Boyd wa London alikusanya habari za wanawake 54 waliopasuliwa kwa namna hiyo, akaona ya kuwa karibu theluthi moja tu walipata nafuu. Wengine wote walivumilia kisu bure. Kwa nini huyu apate nafuu, na mwenzake mwenye ugonjwa wa jina lilelile asiipate? Swali hilo lilikaa zaidi ya nusu karne bila jibu.

Kufuli na ufunguo

Kwanza ilikuwa lazima kujua ni nini kinachotoka katika ovari. Mwaka 1923, huko Marekani, Edgar Allen na Edward Doisy walionyesha ya kuwa maji yatokayo katika vifuko vya mayai yana nguvu ya kuamsha viungo vya uzazi. Mwaka 1929 Doisy, na Mjerumani Adolf Butenandt peke yake kwao, waliweza kukitenga kitu chenyewe kikiwa safi. Ni homoni, yaani mjumbe anayesafiri katika damu, anatoka katika kiungo kimoja na kupeleka amri katika kiungo kingine. Mjumbe huyu wa kike anaitwa estrojeni. Basi ile kamba ambayo Beatson hakuiona ilikuwa ndani ya damu.

Kisha ilikuwa lazima kujua mjumbe huyu anapokewa wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika mji wa Chicago, Elwood Jensen na mwenzake Herbert Jacobson walitengeneza estrojeni yenye hidrojeni ya mionzi, kusudi waweze kuifuata kila inapokwenda mwilini. Waliwapa panya majike wachanga. Nyama ya mkono na ya mguu iliiacha ipite. Nyama ya mfuko wa uzazi iliikamata ikakaa nayo. Basi ndani ya viungo fulani kuna kitu kinachoijua estrojeni na kuishika. Wataalamu wanakiita kipokezi. Sisi tuseme ni kufuli, na estrojeni ni ufunguo wake. Ufunguo ukiingia katika kufuli, mlango unafunguka, na seli zinapata amri ya kukua na kuzaana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jibu la swali la mwaka 1900 likaonekana. Jensen na wenzake walipima vipande vya nyama vya wagonjwa wa kanseri ya titi, wakaona ya kuwa kanseri nyingine zina kufuli hizo kwa wingi, na nyingine hazina. Wagonjwa ambao kanseri yao haikuwa na kufuli hawakupata faida ya maana, hata kama chemchemi zote za estrojeni zilizibwa.

Tazameni basi neno la kwanza ambalo mama yule wa barazani hakulijua. Kanseri ya titi si moja. Uvimbe wake ulipimwa, ukaonekana una kufuli. Ndiyo maana vidonge vilimfaa. Uvimbe wa mdogo wake ulikuwa haujapimwa na mtu. Ndugu wawili waweza kuzaliwa na mama mmoja, wakafanana sura, na uvimbe wao usifanane.

Dawa iliyotafutwa kwa kazi nyingine

Kuzitoa ovari ni kazi kubwa, wala haiwezi kurudishwa nyuma. Je, haiwezekani kutengeneza ufunguo wa uongo, unaoingia katika kufuli, ukakwama humo, ukauzuia ule wa kweli?

Ufunguo huo ulipatikana pasipo kutafutwa. Katika shamba la Alderley Park, wilaya ya Cheshire huko Uingereza, kampuni ya ICI ilikuwa na wataalamu wa dawa wakiongozwa na Arthur Walpole. Walitafuta dawa ya kuzuia mimba. Mwaka 1962 mkemia wao, Bibi Dora Richardson, alitengeneza kitu walichokiandika kwa namba tu: ICI 46,474. Kwa panya kilizuia mimba vizuri. Kwa wanawake ikawa kinyume: badala ya kuzuia yai, kiliweza kuliamsha. Kwa kazi iliyokusudiwa, dawa ilikuwa imeshindwa.

Lakini Walpole alikuwa na habari za kanseri moyoni mwake tangu zamani. Dawa ikapelekwa katika hospitali ya Christie, mji wa Manchester, na mwaka 1971 Daktari Mary Cole na wenzake wakatangaza waliyoyaona. Walikuwa wamewapa wagonjwa 46 wa kanseri ya titi iliyokwisha kuenea au kurudi. Kumi kati yao walipata nafuu nzuri, nao hawakusumbuliwa kama wagonjwa waliopewa dawa za homoni zilizotumika siku zile. Kumi kati ya 46 si wengi; lakini tukumbuke ya kuwa wagonjwa hao walitiwa wote pamoja, wenye kufuli na wasio nazo.

Wakubwa wa kampuni walisitasita, kwa kuwa hawakuona faida kubwa ya fedha. Hata hivyo dawa ikaruhusiwa Uingereza mwaka 1973 na Marekani mwaka 1977, kwa jina la tamoksifeni. Leo hutengenezwa na viwanda vya nchi nyingi, nayo imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani.

Angalieni tena: dawa hii iliwahi kuliamsha yai. Hapo kuna onyo kwa mwanamke ambaye bado ana umri wa kuzaa. Akiitumia, hedhi yake yaweza kukatika au kuchanganyika, naye akafikiri ya kuwa hawezi kupata mimba. Sivyo. Yaweza kumpata, na dawa hii yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo kabla ya kuanza apimwe kama hana mimba, na tangu siku ya kwanza yeye na mumewe waongee na daktari juu ya jambo hilo, maana hata dawa za kuzuia mimba zenye homoni hazifai kwa ugonjwa huu. Asinyonyeshe pia. Na ahadi hiyo inaendelea miezi kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, kadiri daktari atakavyomwagiza.

Rafiki mwenye nyuso mbili

Miaka ya 1970 kijana Craig Jordan alikwenda kufanya kazi Massachusetts huko Marekani, akaipeleleza tamoksifeni kuliko mtu mwingine yeyote. Ni yeye aliyeonyesha kwa panya ya kuwa dawa hii inaweza kuzuia uvimbe wa titi usiote, na ya kuwa kuitumia muda mrefu kunafaa kuliko kuitumia muda mfupi. Kwa nini? Kwa sababu haiui seli zote za kanseri, inazifungia mlango. Mlinzi akiondoka, mlango waweza kufunguliwa tena.

Lakini Jordan na wenzake waliona pia jambo la pili, wala hawakulificha. Mwaka 1988 waliandika habari za panya waliopandikizwa kanseri mbili za binadamu kwa pamoja, moja ya titi na moja ya mfuko wa uzazi. Walipopewa tamoksifeni, ile ya titi ilizuiliwa, na ile ya mfuko wa uzazi ikakua. Ufunguo uleule ulikwama katika kufuli ya titi, na katika kufuli ya mfuko wa uzazi uliweza kuzunguka kidogo.

Mwaka 1989 madaktari wa Uswidi waliona jambo hilo kwa wanawake wenyewe: waliotumia tamoksifeni kwa miaka walipata kanseri ya mfuko wa uzazi zaidi kuliko wasioitumia. Mwaka 1996 wataalamu wa kimataifa wa kanseri, wenye makao yao Lyon huko Ufaransa, waliiandika tamoksifeni kati ya vitu vinavyoweza kuleta kanseri ya mfuko wa uzazi. Papo hapo wakasema ya kuwa kwa mgonjwa wa kanseri ya titi faida yake inaipita hatari hiyo kwa mbali. Maneno yote mawili ni kweli, na mgonjwa ana haki ya kuyasikia yote mawili.

Basi mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, akiona damu inamtoka tena hata kidogo, asione haya, asingoje. Aende hospitali. Hali kadhalika yule ambaye bado anapata hedhi, akiona damu isiyo ya kawaida.

Hatari nyingine ni damu kuganda ndani ya mishipa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikatika ghafula, kifua kikichoma, upande mmoja wa mwili ukilegea au maneno yakigoma kutoka, ni jambo la saa ileile, si la kesho. Na anayekaribia kupasuliwa au kusafiri safari ndefu ya kukaa kitako, amkumbushe daktari kwamba anatumia dawa hii. Macho yakianza kuona ukungu, aseme pia.

Katika wiki za kwanza, mgonjwa ambaye kanseri imekwisha kuingia mifupani aweza kusikia maumivu yakizidi kwa muda. Pengine ni dawa inayoanza kazi. Lakini akiona kiu kikali, kutapika na akili kuchanganyika, apelekwe hospitali upesi, maana chokaa ya mifupa yaweza kuwa imezidi katika damu. Ama joto linalopanda ghafula usoni na jasho la usiku, hayo huwapata wengi. Yanachosha, lakini si sababu ya kutupa vidonge kimyakimya. Amwambie daktari, pengine itapatikana njia ya kuyapunguza.

Ndugu wa dawa hii

Wataalamu hawakukomea hapo. Bibi Angela Brodie, aliyezaliwa Uingereza akafanya kazi Marekani, alifikiri hivi: badala ya kuziba kufuli, tuwazuie mafundi wanaochonga funguo. Mwanamke aliyekoma hedhi bado ana estrojeni kidogo, nayo hutengenezwa katika mafuta ya mwili na pahali pengine kwa msaada wa kitu kiitwacho aromatasi. Kutokana na kazi yake na ya wengine zikapatikana dawa za kuizuia aromatasi. Anastrozoli iliruhusiwa Marekani mwaka 1995, na letrozoli mwaka 1997.

Hizi zina sheria yake. Kwa mwanamke ambaye ovari zake bado zinafanya kazi, hazifai peke yake. Ovari zitazishinda nguvu. Ni lazima ovari zilazwe kwanza kwa dawa, au zitolewe. Tena dawa hizi hupunguza nguvu ya mifupa na kuleta maumivu ya viungo, kwa hiyo mifupa iangaliwe. Baadaye zikaja nyingine, kama sindano ya fulvestranti mwaka 2002, na vidonge vipya vinavyotiwa pamoja na dawa ya homoni. Kila moja ina mtu wake na wakati wake. Kwa hiyo dawa ya jirani si dawa yako, hata kama maboksi yanafanana.

Mambo ya kushika

Kwa mgonjwa ambaye kanseri imekwisha kuenea, dawa hizi haziahidi kung'oa ugonjwa. Zinaahidi kuuzuia, pengine kwa miezi, pengine kwa miaka mingi, na kumrudishia mtu siku zake. Ndiyo sababu hutumiwa maadamu zinafaa, na daktari hupima mara kwa mara aone kama ugonjwa umepata mlango mwingine. Ukiupata, dawa hubadilishwa. Anayeacha kwa sababu anasikia nafuu, amemfukuza mlinzi kwa kuwa usiku ulikuwa kimya.

Kipimo cha kawaida cha tamoksifeni ni miligramu 20 kwa siku, lakini kila mtu afuate karatasi yake. Ukisahau siku moja, usimeze viwili kesho yake. Vidonge vihesabiwe mapema, kabla boksi halijaisha, hasa kwetu ambako barabara hukatika wakati wa masika.

Tena mwambie daktari dawa zote unazotumia, hata mizizi na majani uliyopewa na mzee wa kijiji, usiogope kukemewa. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza mno tamoksifeni katika damu. Paroksetini na fluoksetini, dawa za huzuni kubwa, zinalizuia ini lisiitengeneze tamoksifeni kuwa na nguvu yake kamili. Warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ikikutana nayo yaweza kuleta kutokwa damu kwa wingi. Daktari asiyeambiwa hawezi kujua.

Tumwambie nini mama wa barazani?

Tulimsimulia habari hizi polepole, za kondoo, za kufuli, za panya wenye kanseri mbili. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua pembe ya kitenge, akavirudisha vidonge vyote kumi katika boksi. Akasema: «Basi nitampa nauli.»

Akauza magunia mawili ya mihogo. Mdogo wake akapanda mashua, akaenda mjini, daktari akakata kipande kidogo cha nyama kwa sindano, kikapelekwa kupimwa. Jibu lilichukua wiki kadhaa. Lilipokuja, lilisema ya kuwa ni kanseri, lakini ya namna isiyo na kufuli. Vidonge vya dada yake visingemfaa kitu. Angalivimeza, siku zake kumi zingalipita akidhani anatibiwa, kisha kumi nyingine, na uvimbe ungalikuwa ukikua kimya. Na mkubwa wake naye angalikosa dawa kwa siku zilezile. Sasa alipewa matibabu mengine, yale yaliyomfaa yeye, wakati uvimbe ulikuwa bado mdogo.

Wasomaji wapenzi, ndugu akiwa mgonjwa, mioyo yetu hutaka kumpa kilicho mkononi. Mama yule alikuwa na vidonge, akataka kutoa vidonge. Alipoelewa, alitoa mihogo, na mihogo ndiyo iliyomfikisha mdogo wake penye dawa yake mwenyewe.